Mjomba Ananiuliza Kama Bibi Yangu Alikuwa Nyani

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 21, nasoma mwaka wa pili wa shahada ya ualimu katika chuo kimoja hapa Mtwara. Masomo yangu ni Historia na Kiswahili. Kwetu ni Mkoa wa Lindi, upande wa Ruangwa, na sisi ni Wamwera. Naomba jina langu lisitajwe.

Mwezi wa kumi nilijiunga na klabu ya anthropolojia, elimu ya binadamu na jamii zake, ya chuoni. Tuko wanachama 18, mchango ni shilingi elfu tano kwa muhula, tunakutana Jumamosi saa nne asubuhi. Kilichonivuta ni kwamba tangu kidato cha kwanza nilikariri Zinjanthropus na zama za mawe ili nifaulu mtihani, lakini sikuwahi kuelezwa watu walifikaje kwenye mawazo hayo. Klabuni tunasoma na kubishana hadi adhuhuri, na mimi napapenda. Wameniamini wakanipa mada: niwasilishe kwa dakika 40 jinsi fikra za mageuko, yaani viumbe kubadilika vizazi kwa vizazi, zilivyokua. Nilifurahi mno nikapiga picha bango la mada, nikaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Bango lina ile picha ya mstari: wa kwanza nyani ameinama, wa mwisho binadamu amesimama wima.

Binamu yangu akampelekea mjomba simu aione.

Shangazi, baba alifariki nikiwa darasa la tano, na hata angekuwepo, kwa mila zetu za ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu yangu. Mkopo wa Bodi unalipa sehemu tu ya ada. Iliyobaki, shilingi laki nne na nusu kwa mwaka, anaitoa yeye akishauza korosho. Alinipigia usiku uleule: "Nimekupeleka ukasome, leo unakuja kuniambia bibi yako alikuwa nyani?" Kibaya zaidi, nilikuwa nimemwambia ile ni klabu ya utamaduni. Sikudanganya kabisa, lakini sikusema yote. Amesema akishalipwa pesa za mnada atakuja Mtwara, na akifika akute nimeshatoka. Mama anasema, "Acha tu mwanangu, ada ni ada."

Na huko klabuni nako kuna jambo. Wiki mbili zilizopita mwenzetu mmoja alieleza kuwa jamii nazo zilipanda ngazi, na kwamba watu wanaofuata ukoo wa mama wako ngazi ya chini, bado hawajafika kwenye ukoo wa baba. Watu wakacheka kidogo, mmoja akanitazama. Nilinyamaza. Nikarudi bwenini nikalia. Nikajiuliza, mimi ninagombana na mjomba kwa ajili ya elimu inayomwita mjomba huyohuyo mtu wa nyuma?

La tatu ni langu mwenyewe. Naswali, nimesoma madrasa miaka sita. Sitaki kusimama mbele za watu nikasema jambo litakalonitoa kwenye dini yangu. Lakini pia sitaki kuogopa kitabu.

Nitoke, au nibaki? Nikibaki, nimwambie nini mjomba?

Mwanafunzi, Mtwara

*

Marahaba mwanangu,

Pole kwa ile Jumamosi. Kulia bwenini peke yako kwa jambo ulilochekewa hadharani kunauma kuliko hata simu ya mjomba, nami nadhani ndiyo maana umeliandika katikati ya barua, baada ya ada. Umeniletea mizigo mitatu ukaifunga kamba moja: mjomba aliyekasirika, ngazi iliyokutukana, na imani unayotaka kuilinda. Ikibaki imefungwa pamoja, jibu litakuwa "toka" au "baki" tu. Tuifungue kwanza.

Tuanze na neno nyani. Nyani ni yule anayevamia mahindi shambani. Hakuna mwanasayansi wa mageuko anayesema binadamu ametokana na huyo. Kinachosemwa ni kwamba sokwe na binadamu wana mababu wa pamoja, walioishi yapata miaka milioni 6 au 7 iliyopita kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, na kwamba tawi la nyani na tumbili lilikuwa limeshajitenga zamani zaidi ya hapo. Ushahidi wake mmoja umetoka nchini kwetu: mwaka 2013 yalitangazwa masalia mawili kutoka Bonde la Rukwa, yenye umri wa takriban miaka milioni 25. Moja, Rukwapithecus, liko upande wa kundi la sokwe. La pili, Nsungwepithecus, upande wa nyani na tumbili. Yaani kufikia wakati huo njia zilikuwa zimeshaachana.

Na picha ya bango lenu imetokana na mchoro wa Rudolph Zallinger uliochapwa Marekani mwaka 1965, watu wakaufupisha na kuunakili hadi ukafika kwenye madaftari yetu. Ubaya wake ni kwamba unaonyesha mstari mmoja, kila mmoja akigeuka kuwa wa mbele yake, kana kwamba safari nzima ilikuwa inamtafuta yule wa mwisho. Mjomba wako ameisoma picha hiyo sawasawa kabisa. Imesema bibi alikuwa nyani, naye akauliza kama bibi alikuwa nyani. Kosa ni la picha.

Sasa hiyo mada. Unaogopa kwamba kuwasilisha ni kukiri. Lakini umeombwa ueleze jinsi fikra zilivyokua, nani aliona nini na akakosea wapi, na hiyo ni kazi ya mwanahistoria, ndiyo unayosomea. Unaweza kueleza fikra ya Lamarck, mwanasayansi wa zamani wa Ufaransa, bila kuwa mfuasi wake, kama vile ungeeleza sera za gavana wa Kijerumani bila kuwa mtumishi wake. Nisikufiche hata hivyo: ukiisoma vizuri, baadhi ya hoja zitakushawishi, na hilo linagusa ule mzigo wa tatu. Nitaufikia.

Dakika 40 ni chache. Kinachoharibu mada hii mara nyingi ni kurundika majina ishirini, ukifika kwa Charles Darwin, Mwingereza mwenye mada hii hasa, muda umekwisha. Dakika tano za mwanzo zitoshe kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, na ngazi yake ya viumbe, na kwa waandishi wa Kiislamu: al-Jahiz wa Basra katika karne ya 9, aliyeandika juu ya wanyama wanavyolana na mazingira yanavyowagusa, na Ibn Khaldun, ambaye mwaka 1377 aliandika kuwa madini, mimea na wanyama vimeunganishwa daraja kwa daraja hadi kwa binadamu. Wataje kwa fahari, ila usiseme walimtangulia Darwin. Ibn Khaldun alikuwa anaeleza mpangilio wa uumbaji. Hakueleza namna spishi moja inavyozaa nyingine, na klabuni atatokea mtu wa kukubana hapo.

Dakika nane zinazofuata ni za Cuvier na Lamarck. Cuvier, naye mwanasayansi Mfaransa, alilinganisha mifupa ya tembo waliopo na ya mamothi, jamaa zao wa kale, na mwaka 1796 akasema wazi kuwa kuna wanyama waliotoweka kabisa duniani. Hapa una mfano wa mkoani kwenu, yule mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, wa Tendaguru. Mifupa ile ilichimbwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani na wapagazi hadi bandari ya Lindi, na leo mjusi mmoja amesimama Berlin, urefu wake kwenda juu ni mita 13.27. Waliochimba na kubeba ni watu wa huku, na msimamizi wao, Boheti bin Amrani, anastahili kutajwa kwa jina. Angalia tu usiseme watu waliishi na mijusi hiyo. Ina umri wa miaka milioni 150 hivi, na juu ya binadamu haisemi lolote.

Lamarck, mwaka 1809, alisema kiungo kinachotumika sana hukua, na mzazi humrithisha mtoto alichokipata maishani. Hapa usikimbie, kwa sababu karibu wote humo chumbani wanaamini hivyo bila kujua. Watu wanaposema mbu wamezoea dawa ya chandarua, hiyo ni lugha ya Lamarck. Mbu yuleyule hakuzoea. Kati ya mbu wengi, wachache walizaliwa na mwili unaoistahimili dawa. Wenzao wakafa, wao wakataga mayai. Baada ya vizazi kadhaa waliojaa ni watoto wa wale wachache. Kisha waulize swali hili: bibi zetu wa Kimakonde walitoboa mdomo wa juu wakavaa ndonya, kizazi baada ya kizazi. Je, kuna mtoto wa kike aliyewahi kuzaliwa mdomo umeshatobolewa? Wape nusu dakika wafikiri, usiwajibie.

Kuanzia 1838 hadi 1859 ndipo penye utamu, tenga dakika kumi na mbili. Darwin alikuwa amesharudi kutoka safari ya meli ya Beagle ya 1831 hadi 1836. Alikuwa amemsoma Lyell, mtaalamu wa miamba, aliyeonyesha kuwa milima na mabonde hutengenezwa polepole kwa muda mrefu mno. Mwaka 1838 akasoma maandishi ya Malthus ya 1798, kwamba watu huongezeka upesi kuliko chakula. Akaunganisha: wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaoweza kuishi, hawafanani, na tofauti zinazomsaidia mmoja kuishi hurithiwa na watoto. Huo ndio uteuzi asilia. Akakaa nao miaka ishirini. Mwaka 1858 Alfred Russel Wallace, mtafiti mwingine Mwingereza, akiwa anaugua homa huko visiwa vya Maluku, akafikia wazo lilelile na kumwandikia Darwin mwenyewe. Maandishi ya wote wawili yakasomwa London tarehe 1 Julai 1858, wenyewe hawapo. Kitabu cha Darwin kikatoka tarehe 24 Novemba 1859, nakala 1,250. Na angalia jambo hili, kwa sababu litakusaidia kwa mjomba: kitabu hicho hakianzi na sokwe wala binadamu. Kinaanza na wafugaji na wakulima, wanavyochagua njiwa na mbegu. Juu ya asili ya binadamu kina sentensi moja tu karibu na mwisho. Ya binadamu aliyaandika mwaka 1871.

Mendel wa 1866, aliyeonyesha kwa njegere zake jinsi sifa zinavyorithiwa akasahauliwa hadi 1900, na jinsi jeni, yaani chembe za urithi, zilivyokuja kuunganishwa na uteuzi asilia miaka ya 1930 na 1940, mpe dakika saba. Mfano wako uwe selimundu. Mwaka 1954 Anthony Allison alichapisha utafiti alioufanya Afrika Mashariki, akionyesha kuwa aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali, ilhali aliyerithi kwa wazazi wote wawili huugua. Ndiyo maana jeni inayoumiza imebaki kwenye nchi za malaria kama pwani yetu. Mfano huu unafuta lile wazo kwamba mageuko ni kupanda kuelekea ubora. Jeni ileile ni ngao kwa mmoja na ugonjwa kwa mwenzake. Useme kwa upole, maana kwenye watu 18 huenda yupo mwenye mgonjwa nyumbani.

Zinabaki dakika nane, na hapa tunaingia kwenye mzigo wa pili.

Aliyosema mwenzenu ni fikra za kweli katika historia, lakini ni za karne ya 19. Bachofen mwaka 1861, kisha Morgan mwaka 1877, walizipanga jamii zote za dunia kwenye ngazi moja, kutoka ushenzi hadi ustaarabu, na ukoo wa mama ukawekwa chini ya ukoo wa baba. Kileleni wakajiweka wao. Sasa linganisha na ulichokwisha kueleza: uteuzi asilia hauna kilele. Ngazi ile haikutoka kwa mbu wala kwa njegere, ilitoka kwenye fikra kongwe zaidi, ikavalishwa nguo za sayansi. Mwaka 1896 mwanaanthropolojia Franz Boas aliibomoa kwa hoja nyepesi kueleza: mila mbili zinazofanana zinaweza kuwa na sababu tofauti kabisa, kwa hiyo huwezi kuzipanga foleni kabla hujajua historia ya kila moja. Baada ya hapo wanaanthropolojia wengi waliiacha ngazi hiyo polepole. Na fikra hizo zilifika mpaka kwetu: mwaka 1906, Maji Maji ikiwa bado haijazimika kote, Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alishuka Lindi akapita Masasi na Newala akikusanya vitu na kurekodi nyimbo za watu. Mtu wa ukoo wa mama akisimama leo Mtwara kuieleza habari hiyo kwa mpangilio, ni jambo zito.

Lakini pima. Ukiyasema haya kwa hasira, watakumbuka hasira. Ukimtaja mwenzako kwa jina, mjadala utakuwa wenu wawili. Na ukinyamaza tena, utaondoka klabuni hata kama jina lako limebaki kwenye orodha. Njia mojawapo ni kumwendea mapema, kabla ya siku yenyewe, ukamwambia, "Ile hoja yako ya ngazi nitaigusa, nimepata aliyeijibu." Wengi wakiambiwa hivyo husaidia badala ya kupinga. Kama hatasaidia, utakuwa umejua watu unaokaa nao, na hilo nalo linaingia kwenye uamuzi wako.

Juu ya dini siwezi kukupa fatwa, na mtu yeyote klabuni anayekuambia lazima uchague kitabu kimoja anazungumza nje ya fani yake. Waislamu wenyewe wanatofautiana. Wako wanaokataa mageuko yote. Wako wanaokubali kwa wanyama na mimea lakini wakamweka Adamu mbali. Wako wanaoyaona ni namna Mungu alivyoumba. Ukienda kwa shehe wako, usiulize "mageuko ni haramu?", maana swali hilo litajibiwa kwa kile alichowahi kusikia, na huenda alichosikia ni nyani. Uliza hasa: "Kueleza historia ya fikra hizi mbele ya darasa kuna ubaya gani?" Halafu, siku nyingine, uliza la Adamu. Anaweza akakujibu usilolipenda, na itabidi ukae nalo. Unaweza pia kubaki na swali lisilo na jibu kwa miaka, ukaendelea kuswali. Wengi wanaishi hivyo kwa utulivu.

Sasa mjomba. Umechukulia kwamba amekasirishwa na sayansi. Inawezekana. Lakini soma tena mlivyozungumza: alijua una klabu ya utamaduni, kisha akaambiwa mengine na binamu yako kupitia simu ya mtu. Mzee anayelipa ada, halafu habari za mtoto wake azipate pembeni, ana haki ya kuumia hata kama klabu ingekuwa ya mpira. Jiulize ni sehemu gani ya hasira ile inahusu nyani, na sehemu gani inahusu wewe kutomwambia.

Ukitoka, ada inabaki salama na nyumba inatulia. Hasara yake ni kwamba mjomba atabaki akiamini chuo kinafundisha bibi zake walikuwa nyani, na mwakani somo lenyewe la historia linaweza kuleta ugomvi uleule. Ukibaki kwa siri, binamu bado ana simu. Ukimweleza mjomba ukabaki, unaweza kukataliwa ukapoteza laki nne na nusu, na hilo si dogo. Kabla hajafika, nenda ofisi ya mhasibu uulize kama ada hulipwa kwa awamu, na awamu ya muhula wa pili mwisho wake lini. Usimwambie mjomba kwamba umeuliza, isije ikasikika kama unamtunishia msuli. Ni kwa ajili ya usingizi wako. Iko na njia ya kati: kuiomba klabu iisogeze mada hadi muhula ujao, ukazungumza na mjomba bila tarehe kichwani. Hatari yake ni kwamba jambo lililosogezwa mara moja husogezwa tena.

Ukiamua kuzungumza naye, usianze kwa simu, na mama awepo kama anaweza kusafiri. Tanguliza samahani, na iwe ya lile moja tu ulilokosa: "Mjomba, nilikuambia nusu." Nyamaza hapo umsikilize. Kisha umuulize yeye. Muulize akitaka kupanda mikorosho huchukua mbegu ya mti gani. Atakuambia anachagua mti unaozaa sana na usioshambuliwa na ubwiri unga. Muulize kwa nini basi mbegu ya mti mzuri wakati mwingine hutoa mti dhaifu, na kwa nini wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele wanahimiza miche iliyobebeshwa, yaani iliyoungwa kikonyo cha mti mzuri. Atayajua hayo kuliko klabu yenu nzima: maua ya mkorosho mara nyingi huchavushwa na ya miti mingine, kwa hiyo mbegu haimfuati mama peke yake, ila kikonyo kilichobebeshwa hutoa mti uleule kilikokatwa. Ndipo umwambie kuwa kitabu kilichozua maneno mwaka 1859 kinaanza hivyohivyo, kwa mkulima na mbegu zake. Hutamshawishi juu ya binadamu siku hiyo, wala usijaribu. Na akisema bado hataki, utakuwa umesikia "hapana" ya mtu aliyeelezwa, ambayo unaweza kuiheshimu au kuomba muda juu yake.

Jambo moja unaweza kulifanya wiki hii, uamue kutoka au kubaki. Iombe klabu ibadilishe ile picha ya bango, uwaambie ni kwa sababu ina makosa. Kitabu cha Darwin kina mchoro mmoja tu ndani yake: mistari inayoachana kama matawi, mingine inakatika njiani, mingine inafika juu. Chora huo kwa mkono wako, na huhitaji kuandika chochote chini yake. Mjomba akiuona atauliza ni mti gani.